Kanga ya Tuzo

Jirani yetu Raudha si mtu wa kuongopa. Ana maneno mengi, na akikasirika mtaa mzima wa Mtoni Kijichi unajua, lakini uongo hana. Mwenyewe husema uongo wake wote huumaliza jukwaani. Kwa hiyo haya yaliyomkuta nayapokea kama alivyoyasimulia, na mwenye kutaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele hatapata nafasi.

Jumamosi ile ilianza vizuri tu. Raudha, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi cha maigizo chenye watu kumi na mmoja, aliwahi ukumbini saa mbili asubuhi. Akapanga viti vya plastiki, akachemsha chai, akawagombeza waliokuja kwa kuchelewa na macho ya usingizi. Siku hiyo hawakuwa na mazoezi. Walikuwa na mgeni, Mama Genoveva, muuguzi mstaafu aliyetumia nusu ya maisha yake na wagonjwa wa akili. Alikuja kuwafundisha huduma ya kwanza, lakini si ile ya bandeji.

"Mwenzenu akivunjika mguu jukwaani, mnakimbia na ubao na kamba," aliwaambia. "Akiwa anaumia pasipoonekana, mnakimbia na nini?"

"Na chipsi mayai, mama," akajibu Mbwana, mchekeshaji wao, na ukumbi ukaangua kicheko. Mbwana alikuwa hivyo siku zote. Hata msibani ilibidi aketishwe mbali na wafiwa.

Mama Genoveva naye alicheka, kisha akawaeleza. Kaa na mtu. Msikilize bila kumhukumu. Ukiona dalili, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, wala usiogope, kwa sababu kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Na akikujibu ndiyo, usimwache peke yake mpaka afike kwenye msaada.

Raudha alisikia maneno yale, akaweka kikombe cha chai chini. Alimkumbuka Vaileth.

Kikundi chao hakiandiki maneno ya mchezo. Wanakubaliana kisa, kila mtu anapewa uhusika wake, kisha maneno wanayaokota palepale. Na walikuwa na desturi yao: kwenye mazoezi, atakayecheza mpaka watu wakasahau kwamba ni mchezo, anafunikwa kanga ya tuzo mabegani na kupigiwa vigelegele. Ilikuwa kanga nyekundu ya maua meusi, na kwenye kona moja ilikuwa na alama ya kuungua kwa pasi, ukubwa wa kidole gumba. Kila mtu aliitamani.

Miezi minane kabla ya Jumamosi ile, Vaileth alikuwa akicheza mama aliyefukuzwa na wakwe. Katikati ya mchezo alisimama, akashusha sauti, akasema, "Nimechoka. Natamani nilale nisiamke. Na sijui nimwambie nani." Maneno hayo hayakuwa ya kisa. Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani walianza kulia. Raudha akaruka kitini, akapiga kigelegele, akamfunika ile kanga. "Umetisha, mdogo wangu! Leo umetisha!" Vaileth alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri jambo jingine. Kisha akaenda nyumbani na kanga yake.

Kesho yake mchana Raudha alipigiwa simu. Vaileth alikuwa amejiua.

Raudha alisafiri na mwili mpaka Tukuyu kwa wazazi wa marehemu. Kanga ile aliiweka mwenyewe ndani ya jeneza, begani kwa Vaileth, na akasimama pale mpaka udongo mweusi wa kule milimani ulipojaa kaburini. Tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia. Hakumwambia mtu. Yeye ndiye kiongozi, na kiongozi akisema amechoka, ataegemea wapi?

Saa nane mchana ilishuka mvua, ile ya masika inayopiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Mama Genoveva aliwagawa wawiliwawili: mmoja aigize mwenye shida, mwingine amsaidie. Raudha akabaki bila mwenza.

"Wewe subiri hapo," Mama Genoveva alimwambia. "Nakwenda kuokoa mabango yangu barazani, nikirudi tutacheza wote."

Akatoka. Umeme ukakatika. Ukumbi ukawa na giza la mvua, viwiliwili vya watu vikaonekana kama vivuli tu, kila jozi na mnong'ono wake. Raudha alikaa kwenye kona ya nyuma, mbele yake kiti kitupu.

Kisha kiti kikalia. Mtu alikuwa amekaa.

"Mama, ndo tumeanza?" Raudha aliuliza.

Ilimjia harufu ya udongo uliolowa, lakini si mchanga wa Kijichi. Alishusha macho. Miguu ya yule mtu ilikuwa peku. Katikati ya vidole kulikuwa na udongo mweusi.

"Nimechoka," mtu yule akasema.

Sauti ilikuwa ya chini. Ilikuwa karibu mno.

"Natamani nilale nisiamke. Na sijui nimwambie nani."

Raudha alitaka kupiga kelele. Alitaka kukimbia. Magoti yalimwinua, mkono ukashika ukuta, mlango ulikuwa hatua sita tu. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote maishani mwake. Lakini alikumbuka yale maneno ya asubuhi. Usimwache peke yake. Mara ya kwanza alimwacha.

Akakaa tena.

"Vaileth," alinong'ona. "Unafikiria kujiua?"

Mvua tu.

"Ndo hilo nililokuwa nalisubiri, dada," sauti ikasema. "Ila mie si wa kuulizwa tena. Kamuulize yule mnayempigia makofi."

Na kweli, makofi yalikuwa yanapigwa.

Raudha aligeuka. Upande wa pili wa ukumbi, watu walikuwa wameacha mazoezi yao na kuzunguka jozi moja, tochi za simu zikimulika. Mbwana alikuwa akimwigizia Tupokigwe, mdogo kuliko wote kikundini. Alikuwa anasema tangu mkewe aondoke na watoto, nyumba inamlia usiku. Anasema anachekesha watu, akifika kwake anakaa gizani mpaka asubuhi. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Tupokigwe alipiga kigelegele. "Kaka Mbwana, umetisha!"

Na mabegani mwa Mbwana kulikuwa na kanga. Nyekundu. Ya maua meusi.

Raudha alivisukuma viti akakimbia. "Acheni makofi! Nyamazeni wote!" Aliishika kanga ile akaivuta. Ilikuwa imelowa. Ilikuwa nzito, na ya baridi kama kitu kilichotolewa chini sana. Aliitupa sakafuni, akapiga magoti mbele ya Mbwana.

"Mbwana, nitazame mie. Hapa ni wewe au ni mchezo?"

Mbwana alicheka kile kicheko chake cha kila siku. "Dada Raudha nawe, mchezo bwana."

"Unafikiria kujiua?"

Kicheko kilikatika. Hata mvua ilionekana kupungua.

"Leo, dada," Mbwana akasema taratibu. "Nilishapanga. Nikitoka hapa."

Hawakumwacha. Mama Genoveva alirudi na mabango yake kwapani, akayatupa, akaja kukaa sakafuni karibu naye. Walimsindikiza hospitali watu wanne, walilala naye kwa zamu, na Mbwana yu hai mpaka leo, na bado hafai kukaa karibu na wafiwa.

Lakini jioni ile, kabla hawajaondoka, Tupokigwe aliinua kanga sakafuni kwa ncha za vidole. Kwenye pindo kulikuwa na udongo mweusi. Kwenye kona kulikuwa na alama ya pasi, ukubwa wa kidole gumba.

"Nani alimfunika?" aliuliza. Walitazamana.

"Kuna dada alikuwa nyuma yangu," Mbwana akasema. "Mikono yake ya baridi."

Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Raudha alipiga simu Tukuyu. Mama yake Vaileth alimwambia kaburi halijaguswa, nyasi zimeshaota na mwenyewe alikuwepo juzi kulipalilia.

Kuitupa kanga waliogopa, kuichoma waliogopa zaidi. Waliianika ikakauka, wakaifungia kwenye sanduku la mavazi, ufunguo akawa nao Raudha. Desturi ya tuzo ikafa siku hiyo. Na wakagundua jambo. Kuna siku wakifungua sanduku, mavazi yote ni makavu, kanga imelowa. Siku hiyo hawafanyi mazoezi mpaka kila mtu aulizwe. Mara ya kwanza ilipolowa, Tupokigwe ndiye aliyejibu ndiyo, na hakuna aliyekuwa anajua.

Jumamosi iliyopita ililowa tena.

Raudha aliwaketisha, akawauliza mmoja mmoja, wote kumi. Wote walisema hapana. Aliwauliza tena, akiwatazama machoni. Hapana. Alifunga sanduku kwa ufunguo, akasema basi labda ni paa linavuja, tuendelee.

Paa halikuwa linavuja. Nje kulikuwa na jua kali.

Maji yalianza kutoka chini ya sanduku. Kidogo kidogo. Yalipita kwenye viti vya watu bila kuvigusa, yakakata kona, yakafika kwenye kiti kimoja. Yakasimama kwenye nyayo za Raudha.

Mbwana aliyatazama maji, akamtazama na Raudha, yale macho yake mekundu yasiyolala. Akavuta kiti chake, akakaa mbele yake.

"Dada Raudha," akanong'ona. "Wewe hatujawahi kukuuliza."

"Mie sijambo," ndivyo alivyotaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini kitu kizito kilitua mabegani mwake. Kilikuwa kimelowa. Kilikuwa cha baridi. Aliinamisha macho, hakuona kitu. Ufunguo wa sanduku ulikuwa mkononi mwake.

"Unafikiria kujiua?" Mbwana akauliza.

Raudha alimeza lile neno la kwanza. Uzito ulizidi. Ulimkandamiza mpaka pumzi.

"Ndiyo," akasema, akaanza kulia, akalia kilio cha miezi yote ile. Uzito ukaondoka mabegani, na wenzake wakamzunguka, hakuna aliyepiga makofi.

Sasa anatibiwa, na ameanza kulala. Ila siku ileile, kabla ya kumpeleka kwa Mama Genoveva, Tupokigwe alilifungua sanduku. Kanga ilikuwa kavu, imekunjwa vizuri. Kona yenye alama ya pasi ilikuwa imefungwa fundo, vile wanawake wanavyofunga kitu wasije wakakipoteza. Ukilibonyeza, unahisi kitu kigumu ndani. Raudha anasema ni ule uzito aliovuliwa mabegani.

Kila mmoja wao aliapa hakulifunga yeye. Wala hakuna aliyelifungua mpaka leo.