Tangazo Lililoshonewa Pazia

Asubuhi nyumbani kwa fundi cherehani ilianza kwa foleni ya choo. Mama mkwe alitangulia, kwa heshima ya umri. Mume, dereva wa lori, alifuata kwa heshima ya kuchelewa kazini. Kisha wifi na wanawe watatu. Hao walilala sebuleni tangu mwenye nyumba wao alipouza nyumba. Fundi aliingia mwisho, kwa heshima ya uvumilivu.

"Wifi, tumewabana vya kutosha," wifi alisema siku moja. "Nitawapeleka watoto kwa baba yao mdogo, kule mbali."

"Haendi mtu!" mama mkwe akafoka. "Kiwanja ni chetu. Tutajenga kwenda juu."

Lakini mtaa ule uliruhusiwa nyumba ya familia moja tu kwa kila kiwanja. Basi wakaomba halmashauri ibadilishe sharti hilo, wajenge ghorofa la makao manne. Afisa mipango miji akawapa tangazo la kubandika getini. Majirani walisome, watoe maoni.

Fundi aliona karatasi ya serikali ikipigwa na jua na mvua. Roho ikamuuma. Akaishonea pazia la maua, lenye marinda. Mtaa mzima ukaliona pazia. Tangazo halikuonwa na mtu.

Na penye pazia, midomo haikosi kazi. Wanajenga baa, wengine wakasema. Wanajenga gesti, wengine wakaapa. Jirani wa kushoto, muuza miche, akapeleka pingamizi ofisini.

Ndipo jirani wa ng'ambo, bibi mmoja mchora ramani, akabisha hodi.

"Nani amelivalisha tangazo gauni?"

"Mimi, shangazi. Lisilowe."

"Lilowe, mwanangu! Kazi yake ni kuonekana. Ukilificha, hata kwa mapenzi, watu watajua una jambo. Na ofisi itahesabu kwamba hukutangaza."

Dereva akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Na wewe unacheka nini? Si ulipita pale kila siku?"

"Nilidhani ndiyo sheria, shangazi."

Mchora ramani akaketi. "Sikilizeni. Watu wakiongezeka kiwanjani, maswali nayo huongezeka. Maji yatatosha? Maji taka yataenda wapi? Magari yatalala wapi? Nani atakoseshwa jua? Nendeni mkawaulize majirani kabla ya kikao cha kamati ya halmashauri."

Pazia likavuliwa. Ofisi ikaagiza siku za maoni zianze upya. Fundi akabeba mchoro wa ghorofa, akapita nyumba kwa nyumba.

"Ghorofa lenu litanilia jua," muuza miche alisema. "Miche ikifa nitauza nini, vijiti?"

Fundi aliliandika neno hilo pembeni mwa mchoro. Alirudi kwa mchora ramani. Wakalisogeza jengo mbali na ukuta wa muuza miche. Upande ule wakaupunguza kimo. Chumba cha kushonea alichokiota fundi kikapungua nusu. Akakubali.

Siku ya kikao, begi la wifi lilikuwa limeshafungwa. Muuza miche akasimama mbele ya kamati. Fundi akashika kiti.

"Pingamizi ni langu," alisema, "na ninaliondoa mwenyewe. Hawa walikuja kuniuliza. Mume wangu mwenyewe hajawahi kuniuliza jambo kabla ya kulifanya!"

Kamati ikaangua kicheko, kisha ikaidhinisha. Iliweka masharti mawili tu: shimo jipya la maji taka, na magari yaegeshwe ndani ya geti. Nje, fundi alimshika muuza miche mikono yote miwili. Alitaka kusema mengi, likatoka moja tu: "Ahsante."

Nyumba ilipokwisha, wifi alihamia juu na wanawe. Jioni ile ya kwanza, dari lilitikisika. Watoto walikuwa wakikimbia kama mbuzi waliofunguliwa zizini.

"Nikawakanye, Mama?" fundi aliuliza.

Mama mkwe aliinua macho darini, yakiwa na machozi.

"Waache, mwanangu. Miguu hiyo leo ningeisikia wapi?"