Jike Jipya Ubavuni

Walikutana duka la vifaa vya ujenzi, watu wanasukumana kaunta, wote wawili wameshika mkebe mmoja wa gundi, wa mwisho.

"Achia, dada. Hii si ya kucha."

"Najua. Ingekuwa ya midomo ningeanza na wako."

Muuzaji alicheka mpaka akasahau foleni.

Dada huyo alikuwa mpishi, gauni la njano limembana pale pa kubana, naye alikuwa na shida moja. Shangazi yake alimpa chumba cha chini apikie chakula cha kuuza, lakini maji machafu aliyatoa kwa ndoo, akikatiza sebuleni. "Ndoo ikimwagikia zulia langu tena," shangazi alisema, "jiko nalifunga." Ilibidi sinki imwage kwenye bomba la plastiki la choo, linaloshuka ukutani kutoka kwa shangazi ghorofani. Na yule wa gundi, bahati gani, ni fundi bomba!

Fundi akaja kupima. Akarudi kupima. Sinki gani hiyo ya kupimwa wiki nzima? Simu nazo hazikuisha.

"Mpishi wangu, umekula?"

"Mpishi atakosaje kula? Sema ulichopigia."

"Nimepigia hicho hicho."

Asubuhi moja fundi akapiga, wakaagana, akasahau kukata. Mpishi akamsikia akimwambia mtu: "Jike la zamani bado zima, silitupi. Hili jipya nitalibandika ubavuni. Likivuja, naling'oa."

Jike! Tena la kubandikwa ubavuni! Mpishi akazima simu, akalia kidogo, akachoka kulia. Jiko lake halifungwi kwa sababu ya mwanamume. Akaazima keekee kwa jirani, akakunja gauni, akapanda kiti, akatoboa bomba tundu la duara, safi kabisa. Ila hakumwonya shangazi asivute maji ya choo.

Shangazi akavuta.

Sisemi zaidi, huenda mnakula.

Mpishi alipokwisha kuoga mara mbili, akapiga simu. "Fundi, njoo. Kwa kazi, si kwa mapenzi."

Fundi alifika, akaona ukuta, akauma mdomo asicheke. "Mbona hukunisubiri?"

"Subiri na jike lako la zamani!"

Fundi akaonyesha kiungio cha bomba ukutani, kisha kingine mkononi mwake. "Jike si hili hapa, linalopokea bomba la juu? Na jipya ndilo hili la kupokea la sinki. Nilikuwa naongea na muuzaji."

"Nilidhani una mke."

"Mke? Hata sufuria sina."

Mpishi akatazama sakafu, akamshikia gundi. Fundi akapaka, akabandika jike jipya juu ya tundu, akalikandamiza. Mpishi naye akaweka mikono juu ya mikono yake. Kusaidia tu.

"Shangazi, usivute!" akapaza sauti.

"Mpaka lini, jamani?" ikajibu dari.

"Gundi ikauke!"

Fundi akashusha sauti. "Kazi ikiisha, sina tena cha kuja kupima."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nataka nikuoe, nihamishe vipimo vyote."

Mpishi akajifanya anakagua gundi.

"Kubali haraka, mwanangu!" shangazi akalia juu. "Nimebanwa!"

"Nimekubali! Vuta!"

Maji yakashuka kwa kishindo, yakapita chini ya viganja vyao vinne, wala halikutoka tone.