Walidhani Hajui Lugha

Wazazi wa Kisoko na Mwello, na nyinyi walimu wa pande zote mbili za mpaka, hebu tulieni niwaeleze yaliyompata Awor, mtoto aliyeishi katikati yetu na tusimwone.

Awor alizaliwa Busia, upande wa Kenya. Baba yake, Mjopadhola wa Kisoko, upande wa Uganda, alifariki Awor akiwa bado anabebwa mgongoni, naye Awor akalelewa na mama yake, Akumu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Asubuhi mama akipanga omena mezani, Awor alifukuza nzi kwa kipande cha boksi huku wateja wakimtania kwa Kisamia na Kiluo, naye akiwajibu wote kwa Kiswahili. Aliongea mpaka jua likazama. Mama yake alimwita redio.

Kisha Akumu akapata kazi ya nyumbani Uarabuni. Awor, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa, akapelekwa Kisoko kwa kaka mkubwa wa marehemu baba yake, Mwalimu Othieno.

Othieno hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyekiti wa umoja wa walimu waliokutana mara Tororo, mara Malaba, mara Busia, kuhimiza elimu jumuishi, ili mtoto wa kila kabila, kila lugha na kila hali ya mwili apate nafasi yake darasani. Aliiamini kazi hiyo kwa moyo wote. Ila ilikuwa imemmeza. Kama hakuwa safarini, alikuwa kwenye simu akipanga safari.

Mvua za kwanza zilimkuta Awor na mafua. Mafua yakaisha, maumivu ya masikio yakabaki. Mke wa Othieno, Aguti, ndiye aliyeona doa la njano kwenye shuka.

"Mwalimu, hii mtoto masikio natoka usaha," alimwambia mumewe. "Tumpeleke hospitali."

"Ni mafua tu hayo. Nina wageni kutoka Busia. Wakiondoka tutaona."

Wageni waliondoka, na hakuna aliyeona. Aguti, mwenye shamba la muhogo na watoto wake wadogo, akawa anampangusa kwa pamba na kungoja neno la mumewe. Neno halikuja.

Shuleni watoto waliongea Kidhopadhola, lugha ya kina baba yake ambayo Awor hakuijua. Mwanzoni walimcheka na kumwita Mkenya. Baadaye walianza kuziba pua, kwa sababu ule usaha ulinuka. Msichana aliyekaa naye dawati moja alihama, na hakuna aliyekuja mahali pake. Awor akasogezwa nyuma kabisa, karibu na dirisha.

Huko nyuma sauti ya mwalimu ilimfikia kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Akadhani ndivyo lugha za ugenini zilivyo. Akaanza kuangalia midomo ya watu. Mtu akicheka, alicheka. Mtu akikunja uso, aliinamisha kichwa. Wakati wa mapumziko alisimama kando ya uzio akiangalia wenzake wakiruka kamba, na midomo yao ikifunguka kwa nyimbo ambazo kila wiki zilizidi kwenda mbali. Yule mtoto aliyeitwa redio akawa anamaliza siku nzima bila kutamka neno.

"Anajitenga," mwalimu wa darasa alimweleza Othieno.

"Ni mgeni wa lugha," Othieno akajibu. "Atazoea."

Ukafika mkutano mkubwa wa walimu mjini Tororo. Othieno akaamua kwamba Awor, mtoto wa nchi mbili, ndiye atakayewakaribisha wageni kwa Kiswahili, Kidhopadhola na Kiteso. Jioni alimkalisha mbele yake, goti kwa goti, akimfundisha maneno. Awor aliyashika yote. Siku hizo alikuwa na furaha, kwa maana kulikuwa na mtu anayemtazama usoni.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Awor alisimama mbele kwa gauni jipya, na Othieno akasimama nyuma yake.

"Anza," alisema.

Awor aliwatazama wageni, akingoja aambiwe aanze.

"Awor, anza."

Minong'ono ikazuka. Othieno akamgusa bega. Awor akadhani anaambiwa akaketi. Akainama kwa heshima, akarudi kuketi. Watu wakacheka.

"Samahani," Othieno akawaambia. "Mtoto huyu bado hajui lugha zetu. Ndiyo shida iliyotukutanisha hapa."

Wakati wa chai, mwalimu mmoja wa Busia, Joan, aliyefundisha watoto viziwi, alikwenda akasimama nyuma ya kiti cha Awor. Akamwita kwa Kiswahili. Akapiga makofi. Mtoto hakugeuka. Joan akazunguka, akachuchumaa mbele yake na kumsalimia polepole. Awor akamjibu, "Sijambo. Shikamoo."

Joan akamtafuta Othieno. "Mwalimu, huyu mtoto lugha anaijua. Hasikii."

"Lakini nyumbani huwa ananijibu."

"Anakujibu akiona mdomo wako. Leo ulikuwa nyuma yake."

Othieno alikuwa na hotuba baada ya chai. Hakuisoma. Alimchukua Awor wakaenda hospitali, na daktari akawa mkweli: sikio la kushoto halisikii tena, la kulia limebaki na kiasi kidogo. Usaha ungekauka kwa dawa, lakini kilichopotea hakingerudi. Angeletwa mvua zilipoanza, ingekuwa habari nyingine.

Awor alipewa dawati la mbele. Othieno akaacha uenyekiti, na kila Jumamosi Joan alimfundisha yeye, Aguti na mtoto lugha ya alama. Watoto wawili watatu wa darasani nao wakajifunza salamu. Ni mwanzo, siwezi kusema zaidi ya hapo.

Jumapili moja Akumu alipiga simu kutoka Uarabuni. Hakuna aliyekuwa amepata ujasiri wa kumwambia. Awor aliibana simu kwenye sikio la kulia kwa mikono miwili. Alisikia kwamba ni sauti ya mama, lakini maneno hayakumfikia.

"Ndiyo, mama," alisema. Akangoja. "Ndiyo, mama."

Aliendelea kujibu hivyo hata baada ya simu kukatika.

FUNZO

Ndugu zangu, mikutano ya walimu ni mizuri, na iendelee. Lakini elimu jumuishi huanzia kwa mtoto unayeishi naye nyumba moja. Mtoto akinyamaza, usiharakishe kusema ni ugeni, kabila au kiburi. Keti mbele yake umwulize, na masikio yakitoka usaha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Othieno alisema "tutaona", na hadi leo Awor anailipia kauli hiyo.