Aliyekuja na Koti la Félicien

"Ng'ombe kumi na mbili za mahari! Baba yako atazirudisha zote, hata ile ya kuchechemea!"

Félicien alifoka mpaka wanawake waliongoja nje ya ile kliniki ndogo ya Rwambuzi wakanyamaza. Mkewe, Anastasie, alikuwa amelala kitandani, tumbo limepakwa dawa ya baridi.

"Huyu mutoto ni wako," alisema.

Félicien akamgeukia daktari. "Dokta, pima tena!"

Dokta Stéphane akapima tena kwenye ekografi, ile mashine ya kuonea mtoto tumboni, toka kichwa cha mtoto mpaka matako. "Santimetre mbili na nusu. Wa urefu huu aliingia wiki saba zilizopita. Haiwezi kupita sana pale."

"Na miye niko ku mashimo ya zahabu toka miezi tatu!"

"Ulikuja," Anastasie alisema. "Ile siku ya mvua kubwa."

Aliyekuja alifika mchana, mvua ikipiga mabati na nyumba ikiwa giza. Alivaa koti la Félicien, nalo halikulowa. Alikataa taa, akakataa chakula, akanuka udongo wa chini kabisa, ule usioona jua. Anastasie alifikiri ni woga wa njia; watu walikuwa wangali wakisimamishwa njiani na wenye silaha.

"Uliniita Kasuku. Jina ile, nani mwengine anaijua?"

Hasira ikamtoka Félicien palepale. Hilo ndilo lililomtisha Anastasie: mwanaume wa kupiga meza kwa chumvi kidogo tu, sasa amekaa sakafuni.

"Shimo ilikauka zahabu," akanong'ona. "Wenzangu wakasema jini mwenye shimo anaomba kitu. Nikamupa koti. Na jina ile ya Kasuku. Jina tu, bibi yangu, haki ya Mungu!"

"Kumbe ulijua. Na bado ulitaka ng'ombe za baba."

Dokta Stéphane alikuwa ameshaweka chini kile chombo cha kupimia, lakini picha haikuzimika, na ule udongo ukaanza kunuka mle ndani, na kale kadogo kwenye kioo kakageuza kichwa polepole kuelekea pale Félicien alipokaa, na kutoka kwenye mashine moyo ukasikika ukigonga kama sururu inayochimba mbali chini ya ardhi, ukisogea, ukisogea, mpaka ukakoma, na sauti ya Félicien ikasema kutoka humo humo kwenye mashine, ijapokuwa Félicien mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili:

"Si jina tu. Uliniambia utanipa mama pamoja na mutoto. Zahabu umeshakula. Nipe."