Simu ya Asubuhi ya Nusu Fainali

"Mpe simu mwanangu, dakika moja tu."

"Mama, ametoka. Yuko mazoezini."

"Saa tatu hii? Si mechi yake ni mchana?"

"Anapasha mwili kidogo."

Nilikuwa nadanganya. Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango niliouegemea, amekaa kitandani, mfuko wa barafu juu ya goti. Mimi nilisimama kwenye korido ya hoteli, simu yake sikioni mwangu.

"Goti lake linaendeleaje?"

"Zuri, mama."

"Usinidanganye, mkwe. Jana nimemwona kwenye simu ya jirani, anaruka kama kuku aliyekanyagwa mguu."

Nilicheka, nikajiziba mdomo nisisikike ndani.

"Basi mwambie hivi. Huyo wa leo ni mrefu kama nguzo ya umeme. Mtu mrefu hapendi kuinama. Amrushie miguuni, miguuni, mpaka kiuno kimkatike. Umeshika?"

"Nimeshika, mama."

"Na mimi leo nimeamka kifua kimebana kidogo. Labda ni vumbi, jana nilifagia stoo."

"Pumzika basi. Akitoka uwanjani atakupigia."

"Haya. Mwambie Kifaranga asiogope."

Akakata. Simu ikanionyesha tumeongea dakika tatu na sekunde kumi na mbili.

Kifaranga ni jina ambalo mama alimpa mke wangu tangu siku alipomwona mara ya kwanza akicheza mpira wa vinyoya. Alisema mtoto gani huyu anakimbiza manyoya kutwa nzima. Mtoto huyo alikua akawa mchezaji wa kulipwa, na mimi nikawa kocha wake kabla sijawa mume wake.

Kanuni ya simu aliitunga mke wangu mwenyewe. Aliwahi kusoma ujumbe asubuhi ya mechi kwamba paka wa nyumbani kwao amekufa, akafungwa ndani ya dakika ishirini na mbili. Jioni ile akanikabidhi simu.

"Siku ya mechi hii ni yako," aliniambia. "Hata nyumba ikiungua, niambie nikishatoka uwanjani."

Na nusu fainali ile haikuwa ya kawaida. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, nafasi ya thelathini na sita kwenye orodha ya dunia. Thelathini na mbili wa juu ndio wanaoingia moja kwa moja kwenye mashindano makubwa. Daktari alikuwa amelipatia goti lake msimu mmoja, pengine na nusu. Akishinda siku ile, anaingia. Akishindwa, hakuna tena.

Saa tano kasoro robo, nikiwa mwisho wa korido, simu ikaita. Alikuwa Dada Mkubwa, dada yake wa kuzaliwa.

"Shemeji."

"Dada, habari za huko?"

"Shemeji, uko naye hapo?"

"Hapana, niko nje. Kuna nini?"

"Mama ametutoka."

Niliuliza imekuwaje.

"Ameanguka jikoni," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa, kama mtu anayesoma tangazo. "Hatukufika hata hospitali. Utamwambia?"

"Ndege ya kurudi iko saa kumi na mbili jioni. Kabla ya hapo hakuna."

"Mechi ni saa ngapi?"

"Saa nane."

Nilisikia watu wakilia nyuma yake.

"Mwache acheze," alisema mwishowe. "Akijua sasa atakaa masaa saba akisubiri ndege, anatazama ukuta. Lakini shemeji, hili ni letu sote wawili."

"Sawa, dada."

Nikakata tiketi mbili za ndege palepale koridoni, kisha nikanawa uso, nikaingia chumbani.

"Mbona macho mekundu?" mke wangu aliuliza.

"Vumbi la kapeti."

"Njoo unifunge goti basi, Kocha. Ukikaza sana nakupiga teke."

Nikapiga magoti mbele yake, nikamfunga bandeji. Kila siku ya mechi huniuliza, "Mama anasemaje?" Siku hiyo hakuuliza. Nikashukuru.

Uwanjani alipoteza seti ya kwanza. Seti ya pili akashinda kwa shida. Ya tatu ikafika mapumziko, yule mrefu anaongoza kumi na moja kwa saba. Una sekunde sitini tu. Mke wangu alikuja pembeni, jasho linamdondoka kidevuni.

"Ananisoma," alisema. "Kila nikipiga juu, yupo."

Sikuwa na la kwangu la kumwambia.

"Mtu mrefu hapendi kuinama," nilisema. "Mrushie miguuni, miguuni, mpaka kiuno kimkatike."

Alinitazama kidogo, kisha akacheka. "Leo umekula nini wewe?"

Akarudi uwanjani. Vinyoya vikaanza kuanguka karibu na wavu, vifupi, vya chini. Yule mrefu akainama, akainama, akaanza kushika kiuno. Ishirini kwa ishirini. Ishirini na moja kwa ishirini. Kinyoya cha mwisho kiligusa wavu kikadondokea upande wa pili, mke wangu akatupa raketi juu.

Alinikuta kwenye njia ya kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo.

"Umemwona alivyoinama! Nipe simu nimpigie mama."

"Kaa kwanza."

"Nikae nini? Lete simu."

"Kaa, mke wangu."

Hakukaa. Tabasamu lilibaki usoni, ila macho yalishabadilika.

"Nani?"

"Mama."

"Mama amefanya nini?"

"Ametutoka."

Nilitegemea atapiga kelele. Aliuliza saa.

"Saa ngapi?"

"Saa tano kasoro."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

"Umenifunga bandeji huku unajua."

"Nilijua."

"Umenitania, umenishika bega, umenipa maji, na mama yangu amelala maiti."

"Kanuni ilikuwa..."

"Usiniambie kanuni! Mimi nilisema nyumba ikiungua. Nilisema mama?"

Nikamweleza habari ya ndege na tiketi. Akanipokonya simu yake.

"Waambie waandaaji fainali sichezi," alisema. "Na kwenye ndege usikae karibu yangu."

Nilikaa safu ya mwisho kabisa, jirani na choo.

Siku tatu baada ya mazishi tulikuwa jikoni kwa marehemu, sisi watatu, tunaosha masufuria ya wageni. Mke wangu hakuwa amenisemesha neno tangu uwanjani. Dada Mkubwa akaweka sufuria chini.

"Mdogo wangu, msamehe mumeo. Mimi ndiye niliyemwambia akuache ucheze."

"Wewe?"

"Mimi. Amebeba lawama peke yake kwa sababu nilikuwa naogopa mdomo wako."

Mke wangu alisugua sufuria ileile muda mrefu. Kisha akasema bila kugeuka:

"Na mimi kanuni niliitunga mwenyewe. Basi. Tumekosa wote. Kocha, leta kitambaa ufute hivi vikombe, usisimame kama mgeni."

Nilishika kitambaa. Mambo yalikuwa yamekwisha. Ningefuta vikombe, tungerudi nyumbani, na hakuna mtu ambaye angejua mama aliniambia nini asubuhi ile. Dada Mkubwa alitoka kumwaga maji. Nikatazama mgongo wa mke wangu.

"Kuna jambo jingine," nilisema.

"Lipi?"

"Mama alipiga simu asubuhi ile. Saa tatu. Alitaka kuongea na wewe."

Mikono yake ilisimama ndani ya maji.

"Nikamwambia uko mazoezini."

"Nilikuwa kitandani."

"Najua."

"Mliongea dakika ngapi?"

"Tatu."

"Alisema nini?"

"Alisema huyo mrefu hapendi kuinama. Umrushie miguuni."

Akageuka. Povu lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye viwiko.

"Kwa hiyo yale maneno ya mapumziko..."

"Yalikuwa yake."

"Ukanipa kama ya kwako. Nikacheka. Nikakwambia umekula nini." Alishusha pumzi. "Na nini tena? Malizia. Nakujua uso wako."

"Alisema ameamka kifua kimebana kidogo. Akadhani ni vumbi. Nikamwambia apumzike."

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikausha mikono kwenye sketi yake.

"Toka," alisema. "Hapa toka, na nyumbani kwangu toka."

Klabu yetu ina stoo ya vifaa nyuma ya ukumbi. Nilitandika godoro kati ya nyavu za zamani na maboksi ya vinyoya, nikakaa humo wiki saba. Asubuhi nilifundisha watoto wa shule, mchana nilitia nyuzi raketi za watu. Yeye hakushika raketi. Mashindano yalipita, moja, mawili, matatu, jina lake halikuwemo. Pointi za nusu fainali zilikuwa zimempandisha hadi nafasi ya thelathini na moja, ile tuliyoihangaikia maisha yetu yote, na kila Jumanne orodha mpya ilipotoka nilimwona anashuka.

Jumbe zetu zote za wiki hizo zingeenea kwenye kiganja.

"Umeacha viatu vyako vya mazoezi."

"Nije kuvichukua?"

"Hapana. Nimemwachia mlinzi."

Mwingine niliuandika mara nyingi, nikautuma mara moja: "Goti linaendeleaje?"

Alijibu baada ya siku mbili: "Usiniulize goti."

Wiki ya saba, saa nne asubuhi, nikiwa nafunga wavu, mlango wa ukumbi ukafunguka. Alikuwa amevaa suruali ya mazoezi na koti la mama yake. Amekonda. Akakaa kwenye benchi la pembeni.

"Rudia," alisema.

"Nini?"

"Alichosema mama. Chote. Kwa mpangilio wake, na usiongeze utamu."

Nilikaa chini, mbali naye kidogo. Yale maneno nilishayaandika kwenye daftari usiku wa kwanza stooni, kwa kuogopa kuyasahau, kwa hiyo sikuhitaji kukumbuka. Nilianza na "mpe simu mwanangu". Nikaja kwenye kuku aliyekanyagwa mguu, na mke wangu akacheka kwa pua, akafuta macho. Nikaja kwenye nguzo ya umeme. Nikaja kwenye kifua. Nikamalizia na "mwambie Kifaranga asiogope".

"Hilo hukuniambia jikoni."

"Hukunipa nafasi."

Akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa anatazama mistari ya uwanja.

"Nilikusikia," alisema.

"Ulinisikia wapi?"

"Hotelini. Ule mlango ulikuwa kama karatasi. Nilikusikia unasema mama. Nikajua ni yeye, hakuna mwingine unayemwitikia kwa sauti ile. Nikakusikia unasema ametoka, yuko mazoezini."

Niligeuka kumtazama.

"Ningeweza kunyanyuka. Hatua nne tu. Nikasema moyoni, afadhali, amenikinga, mama ataniuliza goti halafu nitaanza kuwaza goti. Nikalaza kichwa."

"Na habari ya kifua ulisikia?"

"Wewe tu ndiye uliyeisikia. Mimi ningeisikia... Sijui. Sijui ningefanya nini. Hapo ndipo usingizi unapokatikia."

"Sasa mbona ulinifukuza?"

"Kwa sababu wewe ulisema, mimi nikashindwa. Ulisimama pale na kitambaa chako cha vikombe ukalisema, wakati ulishasamehewa. Nikaona nikikutoa wewe mlangoni, na kosa langu litatoka nawe. Halikutoka. Limekaa kwenye kiti chako, linakula chakula chako."

Nilisogea. Hakusogea mbali. Nilimshika mkono, ulikuwa umelainika, sugu za raketi zimeanza kuisha.

"Sijamaliza kukukasirikia," alisema.

"Najua."

"Lakini kukukasirikia kwa mbali kunachosha. Rudi nikukasirikie karibu."

"Leo?"

"Ulitaka nikutumie barua? Kachukue godoro lako." Kisha akanishika shati kabla sijainuka. "Na simu yangu nakaa nayo mwenyewe. Siku ya mechi, siku yoyote. Ikiita, napokea. Nikifungwa, nimefungwa."

"Sawa."

"Sema tena."

"Ikiita unapokea. Ukifungwa, umefungwa."

Tulikaa pale mpaka watoto wa shule walipoanza kuingia na kuchungulia, wakituonea aibu.

Huu ni mwezi wa nane tangu mama aondoke. Yale mashindano matatu yalimshusha mke wangu hadi nafasi ya arobaini na nne. Sasa anaanzia mechi za kufuzu, zile zinazochezwa mapema viti vikiwa vitupu. Jumanne saa mbili asubuhi, uwanja namba tano, anakutana na msichana wa miaka kumi na minane. Simu itakuwa kwenye begi lake mwenyewe, imewashwa.