Jozi Arobaini za Soksi

Kijiko kiligonga glasi jikoni, mara tatu, na Ami Mutallib akamfinya Fattah paja.

"Umesikia? Umeshaoa, mwanangu."

Tabrizi watu hunywa chai na bonge la sukari mdomoni, kijiko hakina kazi. Siku ya posa tu ndiyo sukari hukorogwa ndani ya glasi, na waposaji hukaa sebuleni wametega masikio. Kijiko kikilia, binti mmepewa. Kisipolia, mnakunywa chai chungu, mnashukuru, mnatafuta viatu vyenu.

Rubaba aliingia na sinia, macho chini, mashavu mekundu. Wiki iliyopita alimwandikia Fattah kikaratasi: "Njoo Ijumaa na wakubwa wako. Kaka Nadir amekubali." Fattah alikuwa ameisubiri karatasi hiyo miaka miwili. Sasa glasi ilikuwa mbele yake, naye hakuigusa.

"Kunywa, shemeji, haina sumu," alisema Nadir. Alikaa mkabala naye, gongo limelala pembeni, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti.

Fattah aliutazama ule mguu wa suruali, akaomba ruhusa aseme na Rubaba kwanza. Ami Mutallib alikohoa kwa aibu. Lakini Mama Gulandam, mzazi wa Rubaba na Nadir, akasema si neno, wasimame ukumbini, mlango uwe wazi.

"Nini tena?" Rubaba alinong'ona. "Umepata mwingine huko ubalozini?"

"Rubaba, unaikumbuka ile Alhamisi ya soksi?"

Ilikuwa vuli iliyopita. Majeshi ya Urusi yaliyoikalia Tabrizi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yalikuwa yameshaondoka, na jimbo lilikuwa limejitenga na Tehrani. Lilikuwa na mawaziri wake, redio yake, na vitabu vya shule kwa Kituruki cha nyumbani. Rubaba alikuwa mwalimu, na kwa mara ya kwanza aliwafundisha watoto kwa lugha waliyonyonyea. Nadir na vijana wenzake walikwenda kulinda kipito cha mlimani, upande wa Miyane, kwenye njia itokayo Tehrani.

Fattah yeye alikuwa mkalimani wa Bwana Harlan, balozi mdogo wa nchi ya ng'ambo. Harlan aliletwa kuangalia tu: serikali hii inasimama kwa miguu yake, au imeshikiliwa na mgeni? Basi alihesabu malori, aliuliza bei ya mkate, akaandika. Fattah alitafsiri, na sokoni walimwita Mizani, kwa sababu hakuwahi kuongeza neno wala kupunguza. Jina hilo lilimvimbisha kichwa, msiulize.

Kila Alhamisi alikunywa chai kwa kina Rubaba. Siku hiyo alikuta zulia lote limefunikwa soksi za sufu.

"Mama ametimiza jozi arobaini," Rubaba alimtambia. "Zote za kipitoni, za kaka na wenzake. Wewe hupati hata moja. Wewe unalinda nini, wino?"

Fattah alicheka. Kesho yake akamsimulia Harlan zile jozi arobaini, kama mtu anayesimulia mvua, ili aonekane anajua mambo. Wiki iliyofuata kanali mmoja wa Tehrani alikuja na ujumbe wa mazungumzo, akakaribishwa chakula cha mchana ubalozini. Walipofika kwenye wali wa zereshki, vile vitunda vyekundu vichachu, Harlan alisema jambo kwa lugha yake. Fattah akaweka uma chini, akatafsiri sawasawa:

"Kipitoni kuna watu arobaini."

Kanali aliendelea kula.

Kabla ya mwezi kwisha mizinga ilipanda mlima. Serikali ya jimbo ilianguka kwa siku moja, na vitabu vya Rubaba vikachomwa uwanjani huku wanafunzi wake wakitazama. Nadir alirudishwa juu ya nyumbu. Vijana kumi na mmoja hawakurudi.

Rubaba alisikiliza yote haya akiwa ameshika mwimo wa mlango.

"Kwa hiyo ni Harlan aliyesema."

"Alisema Harlan. Nilitafsiri mimi."

"Harlan alijuaje?"

Fattah aligeuka kuangalia viatu mlangoni.

"Fattah. Alijuaje?"

"Kwangu."

"Na wewe?"

"Kwako."

Rubaba alifumba macho. Sebuleni Ami Mutallib alikuwa akisifu zulia, mtu hana la kusema.

"Yule mgeni anajua Kifarsi cha Tehrani?" Rubaba aliuliza.

"Hajui hata salamu."

"Basi ungeweza kumwambia kanali wako mia nne. Au hakuna mtu. Nani angekukamata?"

"Hakuna."

"Mbona hukusema?"

Jibu alikuwa nalo tangu siku ile, na ndilo lililomnyima usingizi kuliko mizinga yenyewe.

"Niliona aibu kutafsiri vibaya."

Rubaba alimwangalia kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Akarudi sebuleni, akaichukua glasi ya Fattah mbele ya wazee, akaingia jikoni. Wote walisikiliza. Chai ilimiminwa, na kijiko hakikulia. Akaiweka ile glasi mpya mbele ya Fattah, akasimama karibu na mama yake.

Ami Mutallib alibadilika rangi. Aliuliza wamekosa nini, kama ni mahari wazungumze. Nadir alimtazama dada yake, dada akatazama sakafu. Hakumtaja Fattah kwa lolote. Alikuwa amemwachia mzigo wake aubebe mwenyewe, na Fattah, aibu iliyoje, aliona hapo upenyo wa kutorokea. Aliinywa ile chai chungu hadi tone la mwisho, akaaga, akaenda kuvaa viatu.

Mama Gulandam alimfuata mlangoni. Hakuelewa kitu, maskini, ila alijua kijana ametoka na aibu nyumbani kwake, na nje theluji bado. Alimwekea mikononi soksi za sufu.

"Chukua, mwanangu. Binti akikataa, mimi sijakufukuza."

Fattah aliona zimefungwa jozi mbili.

"Mama, moja inatosha."

"Inatosha mtu wa mjini. Mimi nimezaliwa mlimani. Moja unavaa, nyingine unaiweka kifuani ipate joto, ya mguuni ikilowa unabadilisha. Hakuna niliyempandisha mlima na jozi moja."

"Hata wale wa kipitoni?"

"Wote. Kila mtu mbili."

Fattah aliketi palepale kwenye ngazi, kiatu kimoja mkononi. Mtoto yeyote wa kijijini angejua. Yeye, Mizani wa Tabrizi, alizitazama jozi arobaini akaona watu arobaini, na hakuuliza.

Mficha uchi hazai. Alivua kiatu cha pili, akarudi sebuleni, akapiga magoti mbele ya Nadir na kusema yote: soksi, Harlan, wali, kanali. Aliyasema kwa mpangilio, hakuongeza neno wala kupunguza.

Nadir aliikaza ile pini ya suruali chini ya goti.

"Tulikuwa ishirini," alisema hatimaye. "Bunduki kumi na tatu. Miezi yote hii najiuliza, mizinga ile yote ilikuwa ya nini." Alilishika gongo lake, akaliachia. "Kwa watu ishirini wangetuma ofisa na tarumbeta. Tungeshuka mikono juu, twende nyumbani tukale."

Mama Gulandam alizichukua zile soksi kutoka mikononi mwa Fattah, jozi zote mbili. Hakumlaani, na hilo lilimuuma zaidi. Ami Mutallib alikuwa ameshatoka, anavalia viatu barabarani.

Rubaba alimsindikiza hadi lango la ua, kama desturi inavyotaka kwa mgeni yeyote.

"Wapo mama kumi na mmoja," alisema. "Nenda kwa kila mmoja, mwambie ulichotuambia. Ukimaliza, njoo unieleze walikupa chai gani."

"Halafu?"

"Sijasema kuna halafu."

Fattah aliacha kazi ubalozini siku iliyofuata. Harlan alisikitika, akamwandikia barua nzuri ya sifa kwamba ni mkalimani mwaminifu kupita wote. Fattah aliitia jikoni kwenye tanuri. Kisha alitembea, kijiji kwa kijiji, hadi mashamba ya ngano yakavunwa. Kuna aliyemwagia maji. Kuna aliyemsikiliza mpaka mwisho, akamwomba arudie, ili tu alisikie jina la mwanawe.

Alirudi Tabrizi vuli. Rubaba alimkuta langoni, amekonda, viatu vimepasuka.

"Walikupa chai gani?"

"Kumi hawakunipa. Wa mwisho alinipa."

"Tamu?"

"Chungu." Fattah alikuwa bado anatazama chini. "Aliniuliza, nyinyi ni watu gani? Akasema juzi alikuja msichana mwalimu, amekaa palepale nilipokaa, akasema yeye ndiye aliyetangaza soksi kwa kujitapa, na kosa ni lake."

Rubaba aliegemea nguzo ya lango.

"Mimi pia wa mwisho peke yake alinipa," alisema. "Chungu hiyohiyo."

Walisimama hivyo, wawili wenye aibu moja. Sauti ya Nadir ikatoka dirishani.

"Mwingize ndani. Mguu wangu hauoti kwa yeye kusimama nje."

Rubaba aliingia jikoni. Fattah alikaa ukumbini karibu na viatu, mahali pa mtu asiyejua kama amekaribishwa. Alisikia chai ikimiminwa. Kikafuata kimya, kirefu kiasi cha mtu kubadili nia mara mbili.

Kisha kijiko kikagonga glasi.

Fattah hakuwa na uso wa kuuinua. Alinyoosha mikono miwili, akapokea chai akiwa ameinama, na machozi yake yakadondokea kisahanini.