Mkono Ndani ya Redio

Walikutana ngazini, katika jengo la maduka ya vifaa vya umeme, Jumamosi moja watu wakipishana kwa mabega. Mwokaji mikate alikuwa anapanda, amekumbatia redio ya mbao, nzito kama gunia la unga. Mwanamke mwenye gauni la bluu na bisibisi iliyochomekwa kwenye nywele alikuwa anashuka. Hakumpisha.

"Umeibeba kichwa chini, kaka yangu. Hata mimi ningenyamaza."

"Ilinyamaza kabla sijaibeba, dada. Ni ya bibi yangu. Namtafuta fundi."

"Umempata. Panda, nakufuata."

Dukani, fundi aliondoa ubao wa nyuma, akawasha. Taa za kioo zilizokuwa ndani zilianza kuiva moja baada ya nyingine, rangi ya makaa yanayopulizwa. Mwokaji, aliyezoea tanuri tangu utotoni, alibana pumzi. Hakuwahi kuona moto mpole namna ile.

"Zote zinawaka," alinong'ona. "Mbona haisemi?"

"Kuwaka si kusema. Wewe nawe unawaka, na husemi."

Mwokaji alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, kila mara na mkate wa moto. Fundi alipima spika, ilikuwa nzima. Alibadilisha taa, redio ikabaki kimya. Mwokaji aliomba kimoyomoyo ubovu usipatikane. Redio ikipona, angekuja kwa kisingizio gani?

Siku moja fundi alikuwa ameingiza mkono mmoja ndani ya redio iliyowashwa, mwingine mfukoni, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Nimeupata ubovu!" alisema.

Mwokaji aliona muda umemwishia. Akanyoosha mkono amshike vidole vilivyokuwa ndani ya redio. Fundi akaupiga kofi.

"Toa! Rudi nyuma!"

Mwokaji alirudi nyuma hadi nyumbani.

Fundi alimpigia simu, hakuipokea. Jioni bibi yake akampigia.

"Mume wangu, fundi amenipigia kwa namba uliyomwachia, anauliza kama u hai."

"Amenifukuza, Bibi."

"Anasema umeme wa humo ungekuua, na yeye pamoja nawe. Umesusa kwa kuokolewa? Nenda, usinitie aibu."

Alimkuta fundi amekaa mbele ya redio, mikono mapajani.

"Uliondoka hata kabla sijamaliza kutetemeka," alisema. "Mkono mmoja naufungia mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita moyoni. Wewe ukataka kuwa njia."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nani mpenzi?"

"Wewe. Nilitaka kukuambia kabla redio haijapona."

"Umechelewa. Transfoma ya spika ilikuwa imekatika ndani. Umeme ulifika mlangoni, ukakosa pa kuingilia. Nimeweka nyingine." Akainamisha uso. "Sijaiwasha. Sikutaka kuisikia peke yangu."

Akabonyeza. Taa zikaiva. Kimya. Kisha mvumo mdogo ukapanda kutoka kwenye mbao, na ndani ya mvumo ikatokea sauti ya mwanamke akiimba kwa lugha ambayo wote wawili hawakuijua. Ilikuwa imevuka milima na mipaka hewani, bila waya, ikaja kuketi nao katika chumba kile chembamba. Mwokaji alisimama kama mtu aliyeingia mahali patakatifu. Alipogeuka, aliona machozi kwenye mashavu ya fundi.

"Nimetengeneza nyingi," fundi alisema. "Bado sijaizoea sauti ya kwanza."

"Kesho naipeleka kwa Bibi. Halafu..."

"Halafu utarudi kuniposa. Lakini nyamaza, mpenzi. Acha wimbo uishe."